Kisumu: Mji Ulioligeuzia Ziwa Kisogo

Katika mwezi wa Desemba mwaka 1901 reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mahali ilipokoma pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi mmoja wa reli hiyo. Jina hilo halikudumu, kwa maana wenyeji walikuwa na jina lao, nalo ndilo lililoshinda. Lakini umbo ambalo reli iliupa mji lingaliko hata leo. Gari moshi lilisimama karibu na maji, meli zikalingoja gatini, na shehena za kwenda Uganda na za kutoka huko zikapakiwa na kupakuliwa hapo. Maduka yalijengwa nyuma ya reli. Kati ya mwenye duka na ziwa pakawa na mabehewa, maghala na nyua, na mtu aliyetaka kuyaona maji ilimpasa kuzunguka.

Siku zile halikuwa kosa. Ziwa lilikuwa mahali pa kazi, wala hakuna aliyedhani kwamba karani au mkulima angependa kukaa kando yake apunge upepo. Meli zilikwenda Port Bell, Jinja, Bukoba, Mwanza na Musoma, na abiria waliozingoja walilala mjini, wakala mjini, wakanunua nguo mjini. Bandari na maduka vilisaidiana kila siku ingawa vilipeana visogo.

Baadaye bandari ilianza kupungua nguvu. Reli ya kupitia Eldoret na Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931, mzigo wa Uganda haukulazimika tena kushushwa Kisumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli zilizokuwa za nchi tatu zikagawanywa. Katika miaka ya 1990 magugu-maji yakaifunika ghuba ya Winam, hata wavuvi wakashindwa kutoa mashua zao. Kisumu ulipewa cheo cha jiji mwaka 2001, ulipotimiza miaka mia moja. Lakini cheo peke yake hakileti abiria gatini.

Mitaa ya maduka nayo ilipata mapigo yake. Baada ya sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, wafanya biashara wengi wenye asili ya Kihindi waliihama Kenya. Ilikuwa desturi yao kukaa juu ya duka au nyuma yake, na pale walipoondoka, orofa za juu zilifanywa bohari na ofisi, na taa zake zikazimwa saa kumi na moja ya jioni. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maduka mengi ya katikati ya mji yaliporwa na kuchomwa moto. Kisha yakaja maduka makubwa ya namna mpya, yenye uwanja wa kuegesha magari na lango lenye askari, ambamo mwenye gari aweza kununua kila kitu bila kukanyaga mtaa hata mara moja.

Yako pia mambo mema yaliyokwisha fanywa. Mwishoni mwa mwaka 2019 meli ya MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966 na ambayo ilikuwa imelala gatini kwa miaka mingi, ilirudi majini na kupeleka mafuta Port Bell. Mwezi wa Mei 2022 Kisumu uliupokea mkutano wa Africities, ambao neno lake kuu mwaka ule lilikuwa miji ya ukubwa wa kati. Kabla ya wageni kufika, njia za miguu za katikati ya mji zilipanuliwa na kutandikwa matofali. Hilo si jambo dogo kwa mji ambao watu wake wengi huenda kazini na sokoni kwa miguu. Mama atokaye Vihiga na kikapu cha mboga hahitaji mahali pa kuegesha gari. Ahitaji njia isiyo na matope, kivuli, na choo kilicho safi. Choo hicho husahauliwa katika karibu kila ramani nzuri inayochorwa.

MJI MWINGINE ULIOFICHA MAJI YAKE

Kuna mji mmoja wa Marekani uliokuwa na kosa linalofanana na la Kisumu, nao ni Greenville katika jimbo la South Carolina. Ni mji mdogo kuliko Kisumu. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 70,720 tu, hali Kisumu, katika hesabu ya mwaka 2019, ulikuwa na watu wapatao 400,000. Greenville ulitajirika kwa viwanda vya nguo. Viwanda hivyo viliuchafua mto wake uitwao Reedy, na mwaka 1960 daraja pana la magari, liitwalo Camperdown, lilijengwa juu ya maporomoko ya mto huo katikati ya mji. Watu wakapita juu ya maporomoko bila kuyaona. Maduka yalipohamia nje ya mji, barabara kuu ikabaki tupu.

Meya wa mji huo tangu 1971 hata 1979 alikuwa Max Heller, aliyezaliwa Vienna na kukimbilia Marekani mwaka 1938 kwa sababu ya mateso ya Wanazi. Alikumbuka miji ya kwao, ambako watu hukaa nje jioni na kuzungumza. Katika wakati wake barabara kuu yenye safu nne za magari ilipunguzwa ikawa ya safu mbili, njia za miguu zikapanuliwa, na miti ikapandwa pande zote mbili. Wako wenye maduka walioona kuwa huo ni wazimu, kwa kuwa waliamini mteja ni gari. Hoteli kubwa ilifunguliwa mwaka 1982. Ilipofika mwaka 2002 lile daraja la magari lilibomolewa, na mwaka 2004 likafunguliwa daraja jembamba la watembeao kwa miguu, pamoja na bustani kando ya maporomoko. Watu walirudi, na biashara ikawafuata. Kazi ile ilichukua miaka zaidi ya 25, na wa kwanza kuisafisha ardhi ile ya mtoni, tangu 1967, walikuwa chama cha wapenda bustani.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili, na haifai kuufunika. Kodi na bei za nyumba zilipanda sana, na sehemu ya Wamarekani weusi katika wakazi wa mji ule imepungua tangu 1990. Mji ulipopendeza, baadhi ya waliouvumilia ulipokuwa mbaya hawakuweza tena kulipa gharama ya kukaa humo. Tena si kila mji uliofukuza magari ulifaulu: Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, ulifunga sehemu ya mtaa wake mkuu mwaka 1959 ili iwe ya watembeao tu, na mwaka 1998 ukaufungulia tena magari.

NJIA YA KWENDA MAJINI

Kwa Kisumu, jambo la kwanza lipasalo kufanywa ni kufungua njia moja iliyo pana na iliyonyoka, kutoka mitaa ya maduka, kupita ardhi ya reli, mpaka majini. Iwe ya miguu na baiskeli. Mahali ikatapo reli pawekwe lango na mlinzi, au daraja la juu. Jua la Kisumu ni kali, hivyo miti ipandwe kwanza, kabla ya matofali na kabla ya sanamu. Mwarobaini wa miaka mitano una faida kuliko mnara wowote. Maduka ya kale yenye baraza mbele yasibomolewe ovyo, maana baraza ile humkinga mpita njia na jua pia na mvua bila gharama ya serikali. Na wenye nyumba wapunguziwe kodi za mji wakikubali kuzigeuza orofa za juu ziwe makao ya watu tena. Mtaa wenye watu waliolala humo hauhitaji taa nyingi za polisi.

Neno gumu ni la wauza samaki. Kwa miaka mingi watu wa Kisumu na wageni wao walikwenda Lwang'ni, ukingoni mwa maji, kula samaki na ugali katika vibanda vya mabati. Moshi ulikuwa mwingi na maji machafu yalitiririka ziwani, hilo halikatailiki. Bandari ilipokuwa ikitengenezwa upya, mwaka 2019, vibanda vile vilivunjwa, pamoja na vingine vilivyojengwa katika ardhi ya reli. Ardhi haikuwa yao. Hata hivyo, ni wao waliowafundisha watu kwenda ziwani, bila mchoro wa mhandisi wala mshahara wa mtu yeyote. Kujenga bustani ya ufuo na kuwaacha hao nje ni kujenga mahali ambapo karani atakwenda mara moja kupiga picha, kisha arudi kula mahali pengine.

Kwa hiyo wapewe nafasi ukingoni, yenye maji ya bomba, mifereji ya taka, barafu na meko yenye dohani, kwa kodi ambayo kibanda kidogo chaweza kulipa kila juma. Soko la muda, wakati wa ujenzi, liwe kwenye njia wapitayo watu jioni wakienda kituo cha mabasi. Likipelekwa nyuma ya ukuta, samaki watalala na mtaji wa mama utakwisha kabla jengo jipya halijaezekwa. Nayo orodha ya wauzaji iandikwe kabla tingatinga halijafika: jina, nambari ya kibanda, na upana wake kwa futi. Itiwe sahihi na pande zote mbili, na nakala moja ikae kwa mwenye kibanda.