Paka Mgonjwa na Muhula wa Jeraha

Katika mji wa Baraka na vijiji vya Fizi vilivyotandaa kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako hapana ghala la mahindi wala gunia la ndagala lisilotamaniwa na panya, paka huhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Na kwa kuwa watu wamezoea kumhofia mbwa peke yake kwa ajili ya kichaa, aghlabu aliyekwaruzwa na paka hupangusa damu kwa pindo la nguo akaendelea na shughuli zake.

Ni kweli kwamba katika kila watu 100 wafao kwa kichaa cha mbwa, 99 hivi waliambukizwa na mbwa. Lakini paka ni mwindaji wa usiku, na akiumwa na mbwa mwenye maradhi hayo huyapokea kwa ukali mkubwa: aliyekuwa mpole huruka usoni mwa mtu bila kuchokozwa, au hujificha gizani, mate yakimtiririka, sauti imebadilika, miguu ya nyuma imelegea. Si kila paka mgonjwa ana kichaa. Ila kwa macho matupu hapana awezaye kukata shauri, kwani hakika hupatikana kwa kuupima ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa.

Virusi vya kichaa hukaa katika mate, na kucha ambazo paka amezilamba zaweza kuvibeba. Vikiingia jerahani havipiti katika damu, bali hushika njia ya mishipa ya fahamu, pole pole, kuuelekea ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kufika mwaka. Rehema yote imo katika muhula huo. Ndiyo maana Louis Pasteur, tarehe 6 Julai 1885 mjini Paris, aliweza kusimamia kuchanjwa kwa mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, baada ya kuumwa, naye akapona. Lakini mgonjwa akianza kuogopa maji na kuweweseka, tiba haina tena nguvu, na takriban wote hufa.

Basi aliyeumwa na akimbilie kwanza sabuni: aoshe jeraha kwa maji yanayomiminika kwa muda wa dakika 15, hata likiwa dogo, kwa sababu sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaovifunika virusi. Asitie pilipili wala kahawa, wala asibandike jiwe jeusi ambalo wengi huliamini kwa nyoka, maana halivuti kitu kilichokwisha kushika mshipa. Kisha aende hospitali siku ile ile akaanze chanjo. Na ikiwa ngozi imetoboka, tabibu hudunga pia kingamwili zilizo tayari, ndani ya jeraha na pembeni mwake. Mimba si kizuizi, wala unyonyeshaji.

Paka naye asipondwe kichwa, maana ndani yake mna ushahidi. Akiwezekana kufungiwa pasipo hatari, na achunguzwe siku 10. Akibaki mzima, tabibu ataweza kusimamisha chanjo, na akifa au akitoroka, aliyeumwa hana budi kuikamilisha. Kosa lililo baya kupita yote ni kuzingoja siku hizo kabla ya kuanza.

Najua kwamba kwa mkazi wa milimani, mbali na barabara, ambako vita vimewahamisha watu mara kwa mara, kuambiwa aende hospitali ni jambo zito, na chanjo yenyewe hudai baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Hata hivyo asili ya maradhi yaweza kukatwa: kisiwani Pemba mbwa walichanjwa hata kichaa kikatoweka, na kilipoingia tena mwaka 2016 kazi ilirudiwa, kikatoweka mara ya pili. Kwa hiyo twawasihi wakuu wa afya na wa mifugo wa Fizi wafanye bidii mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe, na paka pamoja nao, na dozi za watu ziwekwe karibu na wanaozihitaji.