Meli au basi? Nauli peke yake haitoshi

Mfanyabiashara wa Muleba anayepeleka mikungu ya ndizi Mwanza, na kupumzika huko siku mbili kwa ndugu, huanza kwa kuuliza nauli. Swali hilo halitoshi.

Mv Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ina uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Husafiri usiku, hivyo ndizi hazipigwi na jua na hufika asubuhi. Mwenye mzigo asidharau tiketi ya kitanda: aliyekesha huikubali bei ya kwanza anayotajiwa. Wala asipande bila tiketi yenye jina lake. Kagera haijasahau Mei 21, 1996, Mv Bukoba ilipozama.

Kwa mtu wa Muleba, bandari ya karibu ni Kemondo, si Bukoba mjini. Hata hivyo mzigo lazima ufikishwe huko. Tuseme meli inampunguzia shilingi 10,000, lakini gari la kwenda Kemondo na wachukuzi wanadai 12,000. Nafuu imekwisha kabla hajaiona meli.

Basi, kwa upande wake, linapita Muleba, na tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, limeondoa foleni ya kivuko. Wakati wa kurudi mikungu imeshauzwa. Hapo basi humshusha karibu na kwake, hivyo hana haja ya kukata tiketi ya meli ya kwenda na kurudi.