Nyumba ya ufukweni Bujumbura: pango litalipwa na nani, na kwa fedha gani?

BUJUMBURA – Barabara inayotoka mpaka wa Gatumba kuingia mjini hupita karibu na sehemu ambazo Jumamosi na Jumapili hujaa watu kuliko soko: Kajaga, Karera, Saga Plage. Watu huja na familia zao, wanaogelea, wanakula mukeke wa kuchoma, na jioni wanarudi mjini. Mfanyabiashara anayepita hapo kila wiki na mzigo wake hawezi kukosa kujiuliza: kwa nini nisinunue kanyumba hapa, nikakapangisha kwa wanaokuja kupumzika, nami nikapata pa kulala nikifika Bujumbura?

Wazo si baya, lakini hesabu yake si ile inayofanywa siku ya Jumapili alasiri, watu wakiwa wamejaa. Mwenye nyumba ya mapumziko hulipa mlinzi siku 30 za mwezi, na wageni humlipa siku chache tu.

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufanyia hesabu, si bei ya soko. Tuseme nyumba ya vyumba viwili pamoja na ukarabati imekugharimu dola 60,000. Unapangisha usiku mmoja kwa faranga 150,000. Mwaka una wikiendi 52, yaani usiku 104 wa Ijumaa na Jumamosi. Ukipata wageni nusu ya hizo, ambayo ni bahati nzuri kwa mtu anayeanza, unaingiza faranga milioni 7.8. Mlinzi na msimamizi wa nyumba wanakula milioni 3 kwa mwaka, umeme wa REGIDESO, maji na dizeli ya jenereta milioni 1.2, rangi, mabati na mabomba milioni 1.5. Zinabaki milioni 2.1 kabla ya kodi ya mapato ya pango. Kwa dola moja kwa faranga 3,000, hizo ni dola 700, sawa na asilimia 1 na kidogo ya fedha ulizoweka.

Nyumba hiyo hiyo ukimpangisha mtu mmoja kwa faranga 800,000 kwa mwezi, hata ikikaa tupu miezi miwili, unapata milioni 8. Mlinzi na umeme ni juu yake. Ukitoa matengenezo unabaki na milioni 6.5, zaidi ya mara tatu ya wikiendi. Ndiyo maana wenye nyumba wazoefu wa Kinindo na Kibenga, upande wa kusini wa mji, humtafuta kwanza mpangaji wa mwaka, na mambo ya likizo huyaacha kwa Julai, Agosti na Desemba, wakati Warundi wanaoishi Ubelgiji, Kanada na kwingineko wanaporudi kusalimia ndugu.

Hapo juu tumetumia kiwango kilicho karibu na kile cha benki. Msafirishaji anajua kwamba dola za benki hazipatikani kila anapozihitaji. Mei 2023 Benki Kuu, BRB, ilishusha thamani ya faranga kutoka kiasi cha 2,100 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Soko la pembeni halikusubiri. Kufikia 2025 lilikuwa limepita mara mbili ya bei rasmi. Ukilazimika kununua dola kwa faranga 6,000, zile dola 700 zinakuwa 350, na pango la mpangaji wa mwaka linashuka kutoka dola zipatazo 2,170 hadi 1,080.

Kwa hiyo kuna wanunuzi wa aina mbili, na wasifuate ushauri mmoja. Anayeleta dola kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Dubai ili apate pango la faranga anabadilisha fedha inayokwenda popote kwa fedha inayoishia Kobero. Huyo afikiri mara mbili. Mwingine ni yule ambaye tayari ana faranga zilizokwama: ameuza saruji, mchele au vitenge mjini, amelipwa vizuri, na hana dola za kurudia mzigo. Kwake tofali ni ghala. Pango likiwa dogo si hoja kubwa, maadam nyumba haiyeyuki kama noti zilizolala benki. Nionavyo mimi, huyu wa pili ndiye mnunuzi wa kweli wa nyumba za ziwani Bujumbura, hata kama anasema anatafuta mahali pa kupumzikia. Tatizo lake ni moja: muuzaji naye anaijua hesabu hiyo, na mara nyingi atataka dola.

Lakini lipo jambo linaloyeyusha hata tofali, nalo ni maji.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kalemie nchini Kongo. Mito inayoingia ni mingi. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hupanda na hakuna lango la kufungua upande wa Burundi. Miaka ya 1960 yalipanda sana. Yalirudia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010: mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kufukuza maelfu ya watu Gatumba, na mwaka 2024 maji yaliingia hadi katika bandari ya Bujumbura na kuvuruga kazi, jambo ambalo wasomaji wetu wenye mizigo ya Kigoma na Mpulungu hawahitaji kukumbushwa. Vilabu na nyumba za ufukweni vilikaa majini. Katika mitaa ya Kibenga na Kabondo iliyo karibu na ziwa, watu walihama nyumba zenye hati, ukuta na geti.

Ziwa pia hupanda na kushuka kila mwaka, juu zaidi karibu na Aprili na Mei, chini zaidi kuelekea Oktoba na Novemba. Dalali atakupeleka mwezi wa Septemba, ufuko ukiwa mpana na mchanga mkavu. Nenda tena Mei. Usimuulize dalali, muulize mlinzi wa jirani maji yalifika wapi mwaka 2024. Atakuonyesha alama ukutani.

Sheria nayo ina neno. Kanuni ya maji ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika usijengwe. Kuna nyumba nyingi ndani ya ukanda huo, baadhi za watu wakubwa, na muuzaji atakuonyesha hizo kama ushahidi kwamba hakuna shida. Huo si ushahidi. Nyumba ya mkubwa inaweza kusimama na yako ikabomolewa. Mpe kazi mpima ardhi wako mwenyewe, si wa muuzaji, na uandikiwe umbali huo kabla ya kulipa hata malipo ya awali.

Baada ya maji ni karatasi. Ulizia kiwanja katika ofisi ya hati za ardhi na ramani, ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama kimewekwa rehani benki. Ukishuka kusini kuelekea Rumonge, ambako ufuko ni mzuri na bei hupungua, ongeza swali la pili: ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya 1972? Watu wengi wa eneo hilo walikimbia mwaka huo, ardhi yao ikagawiwa wengine, na walipoanza kurudi kwa wingi ilibidi serikali iunde tume ya ardhi na mali, CNTB, mwaka 2006. Wapo walionunua kwa nia njema wakajikuta mbele ya tume na mtu aliyezaliwa katika kiwanja hicho.

Kwa raia wa nchi jirani, jumuiya haikupi ardhi. Burundi iliingia Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza 2010, lakini kifungu chake cha 15 kimeacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kenya humpa mgeni muda usiozidi miaka 99. Tanzania humpa kwa ajili ya uwekezaji tu. Burundi ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 2011, yenye masharti yake kwa asiye raia. Swali la kwanza kwa mwanasheria ni hili: nitaandikiwa haki gani, na kwa miaka mingapi? Kununua kwa jina la rafiki au la shemeji ili kukwepa swali hilo ni kumpa huyo shemeji nyumba.

Kisha wapangaji. Mji huu wageni wake huondoka kwa pamoja. Mwaka 2015, baada ya machafuko ya Aprili na jaribio la mapinduzi la Mei, nyumba nyingi zilizokaliwa na wageni zilibaki tupu. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulifungwa Januari 2024. Bukavu ilitekwa na M23 Februari 2025, na Desemba vita vikafika Uvira, mwendo wa nusu saa hivi kutoka Kajaga. Wakati huo huo upungufu wa mafuta wa 2024 na 2025 uliwafanya hata wenyeji wenye magari wasiione Karera, maana hakuna anayepanga foleni ya petroli usiku kucha ili aende kuogelea.

Kwa hiyo katika mkataba wa mwaka, andika pango kwa faranga pamoja na kifungu cha kulipitia kila miezi sita, chukua malipo ya miezi mitatu mbele, na taja nani anatengeneza ukuta maji yakipanda. Nyumba ikiwa ya wikiendi, msimamizi asiwe yeye yule anayepokea fedha. Wenye malori wameshaijua hiyo kwa madereva wao.