Habari za Sharika: Tuandike Yapi, Tuache Yapi?

Kila robo mwaka tunapokea habari za maendeleo kutoka sharika zetu, na tunashukuru kwa moyo huo. Nyingi zimeandikwa kwa bidii, kurasa nne hata tano, wakati nafasi iliyopo katika jarida ni nusu ukurasa. Inabidi mhariri apunguze, naye hakuwepo kwenye tukio. Ni heri anayelijua tukio apunguze mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kamati inaandika juu ya kisima kipya. Msafara ulipokelewa saa 3:20 asubuhi, kwaya ya vijana ikaimba, ikafuatiwa na kwaya ya akina mama, Katibu akamkaribisha Mwenyekiti, Mwenyekiti akamkaribisha mgeni rasmi, risala ikasomwa, chakula kikaliwa. Mstari wa mwisho kabisa unasema kuwa kitongoji cha juu bado hakijapata maji kwa sababu bomba lilipungua mita 400. Hiyo ndiyo habari! Mfadhili aliyechangia bomba anautafuta mstari huo, na usharika jirani unaojiandaa kuchimba kisima chake unauhitaji zaidi. Bahati mbaya, wengi watakuwa wameacha kusoma kwenye kwaya ya pili.

Waandishi wa magazeti huanza na jambo kubwa, kisha hushuka kwenye madogo, ili mhariri akikosa nafasi akate mkia bila kuiua habari. Aya ya kwanza ijibu nani, nini, wapi na lini. Kwa nini na kwa namna gani yanaweza kufuata. Habari yetu ingeanza hivi: "Kaya 60 zimeanza kuchota maji ya kisima kipya, na kaya 25 za kitongoji cha juu zinasubiri mita 400 za bomba." Baada ya hapo ije gharama, nguvu za wananchi, na nani anatunza fedha za vipuri. Saa ya kuwasili msafara haimsaidii mtu.

Majina ya wageni ni jambo nyeti. Tunafahamu kuwa mzee wa kanisa akiachwa kwenye orodha huweza kuleta maneno. Lakini katika hotuba tumekwisha kuzoea kusema "itifaki imezingatiwa", na watu hawanuni. Katika habari atajwe yule aliyefanya au aliyesema jambo linalohusika. Orodha ya waliochangia isomwe kwenye matangazo ya ibada na ibandikwe ubaoni, kila mmoja ajione. Jaridani tuweke jumla.

Kisha kuna maneno yanayosema jambo moja mara mbili: "walirudia tena", "ili kusudi", "vilevile pia", "lakini hata hivyo". Futa moja, hakuna kitakachopungua. Kinachotusumbua zaidi ni lugha ya ofisini. "Zoezi zima la upandaji miti lilifanyika kwa mafanikio makubwa" ni maneno tisa yasiyotuambia kitu. "Tulipanda miti 800, na baada ya kiangazi 610 iko hai" inatuambia yote, ila inamlazimu mwandishi kwenda shambani kuhesabu. Labda ndiyo sababu "mafanikio makubwa" yanapendwa sana.

Hata hivyo, si kila jambo dogo ni la kukatwa. Katika Luka 21:1-4 hatupewi majina ya matajiri waliotoa sadaka wala kiasi walichotia, bali senti mbili za mjane zimehesabiwa. Vivyo hivyo, jogoo aliyenunuliwa kwenye mnada wa mavuno, akarudishwa kuuzwa mara tatu ili bati zipatikane, anastahili sentensi yake. Anaonyesha jinsi washarika walivyojitoa kuliko aya nzima ya shukrani.

Kwa toleo lijalo tunaomba habari isiyozidi maneno 250 na picha moja, ikieleza walioonekana ni nani na wako wapi. Mahudhurio, ratiba, stakabadhi na mgawanyo wa matumizi bado tunavihitaji, lakini viwekwe katika taarifa ya mradi na kuletwa ofisini kwa bahasha yake. Taarifa hiyo husomwa na mkaguzi wa hesabu, naye hachoki na kurasa tano.