Wahamaji wenye mvi
Wahamaji wenye mvi ni jina la utani la wastaafu wa Australia, mara nyingi mume na mke, wanaozunguka nchi yao kwa miezi mingi wakivuta karavani, yaani trela yenye kitanda na jiko. Wengi huondoka kusini wakati wa baridi (Juni hadi Agosti) kufuata joto la kaskazini.

Njia yao mojawapo ni Barabara Kuu ya Eyre, kati ya Port Augusta na Norseman, yenye urefu wa kilomita 1,660 hivi. Inavuka tambarare kavu ya Nullarbor, jina la Kilatini lenye maana ya "bila mti". Lami ilikamilika mwaka 1976. Kati ya Balladonia na Caiguna haina kona kwa kilomita 146.6, na hapo adui wa dereva ni usingizi.

Vituo vya mafuta viko mbalimbali, hivyo maji ya akiba ni ya lazima. Jioni na alfajiri ni heri kuegesha, maana kangaruu huingia barabarani. Gari likiharibika jangwani, mtu asiliache: kutoka angani gari huonekana upesi kuliko mtu anayetembea, na anayetembea humaliza maji yake haraka.

Wanaoingia Australia Magharibi hukaguliwa mpakani na kuacha matunda, mboga na asali, ili kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea. Wagonjwa mahututi, jambo la kufikiriwa na wazee, hufuatwa na madaktari wa ndege, huduma iliyoanza mwaka 1928. Vipande kadhaa vya barabara hiyo vimechorwa alama ili ndege itue juu ya lami.