Tusiweke sauti za wazee wetu katika chungu kimoja

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa miaka mingi nimewafafanulia wanafunzi wangu methali hii, nikiwaonyesha jinsi "mbacha wako" ilivyofupishwa ikawa "mbachao", kama vile "mwenzako" inavyokuwa "mwenzio". Sarufi yake niliijua barabara. Maana yake nilikuja kuijua mwezi wa Agosti mwaka 2023, nikiwa nimeketi gizani nyumbani kwangu Njoro mbele ya kasha la bati lililokuwa limenyamaza.

Kasha hilo ni kompyuta kuukuu niliyoinunua mjini Nakuru kwa bei ya mitumba, nikaifanya seva ya nyumbani. Seva, mpenzi msomaji, ni kompyuta isiyo na kazi nyingine ila kutunza mafaili na kuwagawia wale walio katika mtandao mmoja nayo. Hii yangu huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na ambao umeendelezwa na maelfu ya watu. Mfumo huu hufungashwa kwa namna nyingi. Mimi hutumia Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambayo jina lake ni mwungano wa jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Haiuzwi, na mshahara wa mhadhiri wa chuo kikuu haumruhusu mtu kudharau kitu cha bure.

Ndani ya kasha hilo mlikuwa na saa sitini na nne za sauti. Tangu mwaka 2011 nimekuwa nikipanda kwenda Nessuit na Mariashoni, katika kingo za msitu wa Mau, kuwarekodi wazee wa Waogiek. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Waogiek kuwa zaidi ya 50,000, lakini idadi ya watu si idadi ya wasemaji. Wengi wa vijana wao huzungumza lahaja nyingine za Kikalenjin, Kimaasai au Kiswahili, na msamiati wa mizinga, wa maua ya kila msimu na wa aina za asali umebaki vinywani mwa watu wachache wenye mvi. Baadhi ya wazee niliowarekodi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kuna bibi mmoja ambaye, kwa kadiri nijuavyo, hakuna mahali pengine popote duniani ambapo sauti yake ilikuwa imehifadhiwa.

Naam, mimi niliyekuwa nikiwahubiria wanafunzi habari za kuhifadhi lugha, nilikuwa nimeyaweka hayo yote katika diski moja, ndani ya kompyuta moja, katika chumba kimoja.

Debian 12 ilikuwa imetolewa tarehe 10 Juni mwaka huo. Jioni ya Ijumaa tarehe 25 Agosti niliamua kuhama kutoka toleo la 11. Kazi ilikwenda vyema hadi mtambo uliponiarifu kwamba sehemu ya diski inayotunza kiini cha mfumo imejaa. Kiini ndicho kinachoamka kwanza na kuviamrisha viungo vingine vyote vya kompyuta. Kila mara mfumo unapopata kiini kipya, vile vya zamani huachwa kwa muda ili mtu apate pa kurudi endapo kipya kitamkataa. Sehemu hiyo yangu ilikuwa ndogo, na viini vikuukuu vilikuwa vimerundikana humo. Nikavifuta vyote kwa mkono wangu, na hata kile kilichokuwa kikiendesha mashine saa ile, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kupakiwa katika kumbukumbu na mashine haikuonyesha kutaabika. Nikajiona mjanja. Nikauamuru mtambo uendelee kukiandaa kijana mpya.

Ilikuwa yapata saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Stima ikapotea. Msomaji atakumbuka kwamba usiku ule giza liliifunika sehemu kubwa ya Kenya, si nyumba yangu peke yake.

Stima iliporejea, niliiwasha mashine. Kioo kilionyesha maneno mawili matatu ya Kiingereza ambayo tafsiri yake ni hii: faili halikuonekana, ni lazima kwanza upakie kiini. Kisha kimya. Niliizima na kuiwasha mara saba, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo anajua wenyewe wamehama.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachonitia haya zaidi. Nilikibeba kile kijikasha hadi kwenye duka moja la mafundi mjini. Kijana aliyekuwa zamu alikitazama kwa dakika mbili, akaniambia kwa upole, "Mzee, hii nitaifomati, jioni utaichukua ikiwa kama mpya." Nilimuuliza kama sauti zangu zitabaki. Akasema labda, ila ni kawaida watu kuwa na nakala. Nililipa rubuni. Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni nilipoanza kulifikiri lile neno "kama mpya". Kitu kilicho kama kipya hakina kumbukumbu. Nikarudi, nikaliomba kasha langu, na ile rubuni nikamwachia.

Mpwa wangu ni fundi wa mitambo hii, ingawa chuo chake kilikuwa kibanda na udadisi wake mwenyewe. Alifika Jumapili baada ya ibada. Nilimwomba jambo moja: anieleze kila hatua kwa Kiswahili. Nakiri kwamba nilitarajia ashindwe, kwa maana sisi wanaisimu hupenda kudhani kwamba istilahi huzaliwa katika kamati. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na hatujaafikiana.

"Mjomba," akasema baada ya kukitazama kioo, "mashine yako haijafa. Kuna bawabu anayeamka kabla ya kiini. Ana orodha ya majina mkononi. Anamwita yule mzee wa zamani kwa jina lake, na mzee haitiki."

"Nilimfuta," nikasema.

"Ulimfuta kabla huyu mwingine hajajua njia ya nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba kiini kipya kilikuwa kimekwisha kuwekwa katika diski, ila lile furushi dogo kinalolihitaji ili kuitambua diski na kuifungua lilikuwa halijamaliza kufungwa stima ilipopotea. Na bawabu alikuwa hajaandikiwa jina la mgeni. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuibomoa nyumba. Palihitajika mtu wa kuingia ndani na kuimaliza kazi iliyokatizwa.

Mlango ulikuwa umefungwa, tukaingia kwa dirisha. Alikuwa na kidiski cha kuchomeka chenye mfumo kamili wa Linux, ambao huweza kuamka wenyewe bila kuigusa diski ya mwenye nyumba. Ulipoamka, aliipachika diski yangu ("kupachika" ni neno lake, nami nimelichukua bila kuisubiri kamati) akaanza kwa kuinakili ile ya sauti katika diski yake ya akiba. Hakukubali kugusa kitu kingine kabla ya hapo. Tulikunywa chai vikombe viwili tukitazama hesabu ya mafaili ikipanda. Kisha akauamuru mfumo wa kidiski ujifanye umehamia ndani ya diski yangu, ili kila amri itakayotolewa itekelezwe kana kwamba nyumba yenyewe imeamka. Akauambia umalize kuvipanga vifurushi vilivyoachwa nusu, utengeneze lile furushi la kuamkia, na umwandikie bawabu orodha mpya. Kazi hiyo haikuchukua hata robo saa.

Tukaiwasha. Kiini kipya kikaamka, mistari ikateremka, moyo wangu ukapanda, halafu mtambo ukasimama tena ukitangaza hali ya dharura. Diski ya sauti haikuonekana mahali pake.

Mpwa wangu alicheka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kosa hili lingeweza kuwa somo katika darasa langu mwenyewe. Nilipoifunga diski ile miaka iliyopita, niliiandika katika orodha ya mfumo kwa nafasi yake: diski ya pili. Lakini mpangilio huo haukuahidiwa na mtu yeyote. Kiini kipya kilizigundua diski kwa utaratibu wake, na ya pili ikawa ya kwanza. Ni sawa na mwalimu amwitaye mwanafunzi "wewe wa pili kutoka mlangoni". Siku viti vikihamishwa, ataitika mwingine. Kila diski iliyoandaliwa hubeba namba ndefu ya utambulisho ambayo haibadiliki hata ukiihamishia mashine nyingine. Alifuta neno langu, akaiandika namba hiyo. Tukawasha tena.

Mnamo saa kumi na moja jioni nilifungua faili la mwezi wa Machi 2012. Kwanza mlio wa mvua juu ya mabati, kisha kikohozi, kisha yule bibi akaanza kuyataja maua ambayo nyuki huyafuata mvua zinapokatika, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayewaita wajukuu wake waje kula. Mpwa wangu hajui Kiogiek. Alisikiliza hadi mwisho.

Sasa, mpenzi msomaji, sikukuchosha kwa kisa hiki ili unihurumie. Kuna mambo ambayo nadhani yanatuhusu sote.

La kwanza ni kwamba cha kale hakifukuzwi kabla kipya hakijathibitika. Mfumo wenyewe ulikuwa umeniachia njia ya kurudi, nikaiziba kwa pupa.

La pili ni nakala. Mabingwa wa mambo haya wana kanuni fupi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo ikae nje ya nyumba yako. Saa moja ya sauti safi haizidi sana gigabaiti moja. Saa zangu zote sitini na nne zingeenea katika kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kilichonizuia hakikuwa gharama. Kilikuwa uvivu uliojivika joho la shughuli nyingi. Leo nakala moja iko Njoro, ya pili iko kwa dada yangu Naivasha, na ya tatu imerudi ilikotoka: inatunzwa na wajukuu wa wazee wale kule Mariashoni. Hiyo ya tatu ndiyo niliyopaswa kuanza nayo.

Hapa ndipo hoja yangu inapozidi kimo cha kasha la bati. Mtafiti wa leo anayetaka kusikia lugha nyingi ndogo za Afrika huelekezwa kwenye hifadhi za Ulaya: ile ya lugha zilizo hatarini, iliyokuwa London na kuhamishiwa Berlin mwaka 2021, au ile ya Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen. Ninawashukuru, kwa kuwa wametunza vizuri. Lakini bibi aliyeyataja maua ya Mau hakuwa akizungumza na Berlin. Mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua kwamba Serikali ya Kenya imekiuka haki za Waogiek, zikiwemo za ardhi na za utamaduni, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Watu wanaodai msitu wao hawana budi kuweza kuyasikia majina ya msitu huo bila kuomba ruhusa ng'ambo. Kule Mukogodo, Wayaaku wengi walihamia Kimaasai hata lugha yao ikabaki na wazee wa kuhesabika; wajukuu wanaoitafuta leo hulazimika kutegemea pia orodha za maneno zilizokusanywa na wageni.

La tatu ni lugha ya ufundi wenyewe. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, ilituhudumia kompyuta inapokuwa nzima. Siku inapoharibika, hukulilia kwa Kiingereza, na Mkenya asiyekifahamu Kiingereza hicho huambiwa ifomatiwe. Mpwa wangu, kwa bawabu wake na orodha yake, alinionyesha kwamba Kiswahili cha kueleza ugonjwa wa mashine kimekwisha kuzaliwa katika vibanda vya Nakuru. Kazi yetu wanaisimu ni kwenda kukisikiliza na kukiandika, kama tunavyowaendea wazee wa Mau na vinasa sauti vyetu.

Nimeanza. Muhula huu wanafunzi wangu wawili wanawarekodi mafundi wakiwa kazini. Na kila Ijumaa jioni, kabla ya kumpa kila mmoja ruhusa ya kwenda zake, ninamwuliza swali moja tu: nakala iko wapi?