Kovu na Ngozi ya Ngoma

Sogeeni jamvini, wanangu. Mmewahi kumwona fundi akiwamba ngoma? Ngozi mbichi ikiachwa juani, hujikunja. Kwa hiyo fundi huivuta, akaikaza kwa vigingi, ikauke imenyooka. Shikeni hilo.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na Mkono wa mtoto. Siku moja sufuria ya uji ilipinduka, Mkono ukaungua. Jeraha likafunga, akazaliwa Kovu. Kovu alijua neno moja tu: "Navuta! Navuta!" Usiku, navuta. Mchana, navuta.

"Mjomba, kwani Kovu ana kamba?"

Swali zuri hilo! Ndani yake mna seli ndogo mno. Huvuta kingo za jeraha zikutane, kama uzi unavyofumba mdomo wa mfuko. Kazi njema! Ila Kovu hajui kuacha. Huweza kuvuta hata mwaka na zaidi. Vidole vikajikunja. Kiwiko kikagoma kunyooka.

Ndipo akaja profesa wa tiba ya viungo, bingwa wa walioungua. Hakufoka. Alisema, "Kovu, wewe vuta. Sisi tutanyoosha." Kila siku alinyoosha vidole, polepole. Usiku aliufunga Mkono kwenye banzi, kifaa kigumu cha kuushika unyooke. Hicho ndicho kigingi chetu! Jeraha lilipofunga vizuri, akauvisha glavu ya kubana, ya mchana na usiku, ya kuvuliwa wakati wa kuoga.

"Mjomba, kunyooshwa hakuumi?"

Kunauma, mwanangu, sikufichi. Ndiyo maana mtoto alipenda kuukunja Mkono. Ukikunjwa, una raha. Lakini Kovu naye hupenda papo hapo penye raha, akaganda hapo. Kwa hiyo profesa alileta mpira wa kubinya, sifongo la kukamua, na nyimbo za kupigia makofi. Mtoto akicheza, Kovu ananyooka.

"Kama anacheza tu, mbona anaitwa profesa?"

Ee, mdadisi wangu, Mungu akukuze! Kwa sababu anafundisha wengine. Hata kwetu, pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, vijana husomea tiba ya viungo. Mwalimu ana mikono miwili tu. Wanafunzi wake wakitawanyika, mikono yake inafika vijiji asivyovijua.

Nanyi mna kazi. Mtu akiungua, mwiteni mkubwa upesi. Poozeni palipoungua kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno. Si siagi. Si barafu. Maji! Kisha hospitali.

Na Kovu je? Miezi ikapita. Akawa laini, akawa bapa. "Navuta" yake ikafifia, mpaka haikusikika tena.

Jana jioni Mkono ule ulifunguka wote, vidole vitano. Ukashuka juu ya ngozi iliyowambwa vizuri.

Ndu! Ndu! Ndu!